Kipande Kilichochomolewa

Husnah akirudi kutoka shule, kila jambo lilikuwa na zamu yake. Kwanza alivua sare na kuitundika msumarini isije ikakunjamana. Kisha alikula, akaosha sahani yake pamoja na za wale waliokula mchana wakazisahau. Halafu alikaa mkekani karibu na bibi yake mzaa mama, Haboba Zulaikha, akamsaidia kuchambua miyaa, majani makavu ya kusukia, iliyotiwa rangi. Haboba, ndivyo Wanubi wanavyomwita bibi. Kazi yake ilikuwa kusuka tabaga, ile mifuniko ya duara yenye nakshi inayofunikwa juu ya chakula, ambayo nyumbani kwao haikukosekana siku ya harusi wala siku ya Idi.

Nyumba yao ilikuwa Makindye, kwenye mteremko chini ya kambi ya jeshi. Tarumbeta ya kambini iliamsha watu wengi kuliko majogoo.

Baada ya swala ya alasiri ndipo kitambaa kilipoondolewa juu ya kompyuta. Ilikuwa kompyuta ya mezani, kuukuu kidogo, yenye sanduku jeusi lililokwaruzika ubavuni. Mama yake Husnah, Jamilah, aliinunua ikiwa imeshatumiwa na watu wengine. Mchana Jamilah aliuza nguo za watoto katika soko la Owino, na jioni tatu kwa wiki alisoma darasa la kompyuta. Alitaka mashine nyumbani ili asisahau aliyofundishwa. Lakini kwa kweli aliyekaa mbele yake zaidi alikuwa Husnah, na ubavuni mwa Husnah alikaa Anena.

Anena aliishi kambini. Baba yake, koplo Odur, alikuwa ametumwa nje ya nchi kulinda amani, na tangu aondoke Anena aliandika barua moja kila Jumamosi kwenye kompyuta hiyo. Hakuzituma. Alisema atazichapisha zote siku baba atakaporudi, amsomee mfululizo. Kwao walizungumza Kiacholi, kwa akina Husnah walizungumza Kinubi, na wasichana hao wawili wakikutana walizungumza Kiswahili, tangu enzi walipokuwa hawaruhusiwi kuvuka barabara peke yao.

Muhula huo Mwalimu Obwona aliwapa kazi. Shule za Makindye zilikuwa na maonyesho ya kazi zilizofanywa kwa kompyuta, na kila shule ingepeleka kazi chache tu. Husnah na Anena waliamua kuchora nakshi za Haboba, kila fundo la miyaa kwa kimraba chake, ili hata mtu asiye na bibi wa kumfundisha aweze kufuata na kusuka. Haboba mwenyewe hakuwahi kuhesabu. Ukimwuliza mafundo mangapi mekundu, alicheka akasema vidole vyake vinajua, mdomo haujui. Kwa hiyo Anena ndiye aliyekaa na tabaga mapajani akihesabu, na Husnah akachora. Mwalimu aliwaambia wazi: kazi iwe imechapishwa na kufika mezani kwake Ijumaa kabla ya kengele ya chakula. Ikichelewa, nafasi yao itakwenda kwa wavulana wa mkondo wa pili waliotengeneza kalenda. Na siku ya maonyesho wote wawili wasimame waeleze, si mmoja.

Ilibaki nakshi moja tu, ile kubwa ya harusi.

Jumatatu ya wiki ile ya mwisho Husnah aliwasha mashine, akabonyeza programu ya kuchorea. Ikafunguka nusu, ikasimama. Kisha likatokea dirisha dogo lenye maneno makavu: kumbukumbu haitoshi kufungua programu hii, funga programu nyingine ujaribu tena. Husnah alifunga zote. Akajaribu tena, dirisha lile lile. Akazima, akawasha upya. Safari hii programu ilifunguka, lakini alipoita mchoro wenyewe skrini iliganda na mshale ukakataa kusogea. Kwa muda wa wiki mbili hawakuwa wamechora kwa sababu ya mitihani. Kabla ya mitihani yote yalikwenda vizuri.

Anena siku hiyo hakuja, alikuwa akimwangalia mdogo wake mwenye homa. Husnah alichukua simu ya mama yake, akampigia kaka Dawudi.

Dawudi alikuwa mtoto wa mjomba wake, kijana wa miaka ishirini na miwili, fundi wa kompyuta mwenye kibanda Old Kampala. Yeye ndiye aliyemfundisha Husnah kuandika bila kutazama vidole, na alikuwa akimwita Fundi Mdogo mbele za watu, jambo lililomfanya Husnah atembee siku nzima amenyoosha mabega. Wiki mbili nyuma feni ya mashine ilipoanza kunguruma, Dawudi aliichukua, akakaa nayo siku mbili, akairudisha ikiwa kimya kabisa. Hakuna aliyemwomba aifungue waone alichofanya. Katika ukoo wao anayeulizwa maswali ni mgeni. Ndugu akikuletea kitu, unakipokea kwa mikono miwili na kumpikia chai, basi.

Kwenye simu Dawudi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza ni nani mwingine anayetumia mashine hiyo. Husnah alimjibu kuwa ni yeye, mama, na Anena.

"Basi umeshapata jibu," Dawudi alisema. "Hawa watoto wa kambini na michezo yao. Mashine imejazwa, Fundi Mdogo. Angalia vizuri amekuwekea nini, halafu futa kila kitu chake."

Husnah aliangalia. Na kweli, kulikuwa na mchezo wa mpira wa miguu ambao hakuwahi kuuona. Tarehe yake ilionyesha kwamba uliwekwa siku ambayo yeye alikuwa ametumwa dukani na Anena amebaki peke yake mbele ya skrini.

Hakukasirishwa na mchezo wenyewe. Kilichomuuma ni kwamba Anena alikula kwao, alijua mahali sukari inapowekwa, Haboba alimwita mwanangu, na bado aliweza kufanya jambo chini chini na kesho yake akaja akacheka kama kawaida. Usiku ule Husnah alilala ameelekea ukutani.

Asubuhi hakungoja wawe peke yao. Alimkuta Anena kwenye bomba la shule, wasichana wengine watano wamepanga foleni na vikombe vyao, akamwambia pale pale kwamba ameharibu kompyuta ya mama yake kwa michezo ya siri na kazi yao imekufa kwa sababu yake.

Anena alifunga bomba. "Mchezo niliuweka, kweli," alisema polepole. "Kaka yangu alinipa kwenye flashi. Nilitaka tucheze wote tukimaliza, nikasahau kukuambia. Hapo nimekosa. Lakini Husnah, baada ya siku ile si tulichora nakshi mbili nzima? Kama mchezo ndio unaokula mashine, mbona siku zile haukuila?"

Lilikuwa swali zuri, lakini Husnah hakulisikiliza, maana moyo wake ulikuwa umeshafunga mlango. Msichana mmoja katika foleni alisema kwa kejeli kwamba watoto wa kambini ndivyo walivyo, wamezoea kuvamia, na wenzake wakacheka. Husnah hakusema neno lile, wala hakulikataa. Anena alimtazama, akangoja kidogo kana kwamba anampa nafasi. Alipoona kimya, alichukua kikombe chake kitupu akaondoka.

Alasiri Husnah alikaa mbele ya mashine peke yake. Aliufuta mchezo. Programu ikagoma vile vile. Akayakumbuka maneno ya Dawudi: kila kitu chake. Kulikuwa na folda moja iliyoandikwa Anena. Ndani yake mlikuwa na mazoezi ya kuandika na barua saba kwa baba. Alijua ni nini. Mkono ulisita juu ya kipanya. Halafu akakumbuka mchezo ule wa siri, akajiambia, aliyenificha jambo, na mimi nimhurumie? Akaifuta folda, akafungua pipa la taka la kompyuta, akalimwaga pia.

Akabonyeza programu ya kuchorea. Kumbukumbu haitoshi.

Hapakuwa na kitu tena cha Anena kwenye mashine ile, na mashine ilikuwa bado inamlaumu mtu.

Jioni hiyo Jamilah hakuwa na darasa. Aliporudi kutoka Owino na kigunia chake kichwani, alimkuta binti yake amekaa mbele ya skrini iliyozimwa. Alivua viatu, akakaa naye mkekani, akamwuliza taratibu mpaka yote yakatoka: simu kwa Dawudi, mchezo, bomba, kicheko cha wasichana. La barua Husnah alilimeza.

Jamilah hakumgombeza. Alivuta gunia la miyaa la Haboba.

"Tazama hapa. Miyaa yote ya Haboba inakaa kwenye gunia. Akitaka kusuka, anatoa ile anayohitaji na kuitandaza mkekani. Ndani ya kompyuta gunia ni diski, ndiko kila kitu kinakolala. Mkeka ndio ile kumbukumbu, ni mahali pa kufanyia kazi tu. Ukizima mashine, mkeka unakunjwa. Mchezo uliolala kwenye gunia unakalia mkeka?"

"Haukalii," alisema Husnah.

"Basi alipokwambia ufute, alikupeleka kwenye gunia. Hebu tuutazame mkeka wenyewe."

Waliwasha. Jamilah alitafuta kwa kidole kimoja, akinong'ona hatua kama alivyofundishwa darasani. Kwanza alizima programu tatu zilizokuwa zinajifungua zenyewe kila mashine ilipoamka, maana hizo nazo hujitandaza mkekani bila kualikwa. Haikusaidia kitu. Kisha alitazama diski, akaona zaidi ya nusu iko tupu. Mwisho akafungua ukurasa unaoonyesha kumbukumbu ya mashine. Akasogea karibu, akasoma mara mbili.

"Gigabaiti mbili," alisema. "Zilikuwa nne. Aliyeniuzia alinifungulia sanduku akanionyesha vipande viwili vya kumbukumbu, vimesimama bega kwa bega kama mapacha. Nilifurahi mpaka nikamwomba anionyeshe tena."

Alizima mashine, akachomoa waya wa umeme, akabonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe. Kisha akamwambia Husnah aguse nondo ya chuma ya dirisha kwanza, kwa sababu mwili wa mtu una umeme wake mdogo unaoweza kuunguza vitu hivyo. Wakafungua skrubu za ubavuni.

Feni ilikuwa safi. Pembeni yake kulikuwa na mifereji miwili mirefu. Katika mmoja kipande cha kijani kilisimama wima, kimebanwa huku na huku. Mwingine ulikuwa mtupu. Vibanio vyake vilikuwa wazi, vimelala nje, kama mlango ulioachwa na mtu aliyetoka kwa haraka.

Husnah alihesabu moyoni ni mikono ya nani iliyowahi kufungua sanduku lile nyumbani kwao. Hesabu ilikuwa fupi mno. Ilikuwa ya mtu mmoja.

"Haiwezekani," alisema, na sauti yake ilitoka nyembamba. "Kaka Dawudi ndiye aliyeniambia ni Anena."

Haboba Zulaikha, aliyekuwa kimya na tabaga yake, aliweka sindano chini. Alimwonya Jamilah asimtaje mtoto wa kaka yake kwa jambo ambalo hakulishuhudia, akauliza tangu lini ndugu akahojiwa kama mwizi.

"Simwiti mwizi, Mama," Jamilah alijibu kwa heshima. "Namuuliza tu. Anena naye ni mtoto wa watu, na hakuulizwa. Alihukumiwa bombani."

Maneno hayo hayakuelekezwa kwa Husnah, lakini yeye ndiye yaliyemchoma. Ndipo lile alilolimeza likapanda lenyewe. Alimwambia mama yake kuhusu barua saba. Jamilah alifumba macho muda mrefu. Alipoyafumbua alisema jambo moja tu: kuanzia sasa asihifadhi wala kufungua chochote kwenye mashine ile.

Jumatano baada ya shule walikwenda Old Kampala. Kibanda cha Dawudi kilikuwa nyuma ya maduka ya zamani, chini ya msikiti mkubwa, meza moja na mashine nne zilizofunguliwa matumbo. Dawudi aliwaona kwa mbali, akapangusa kiti kwa shati, akasema kwa furaha kwamba leo kibanda kimepata baraka, shangazi mwenyewe amekuja, na Fundi Mdogo amekuja kumnyang'anya kazi.

Jamilah alimsalimia, akamwuliza habari za nyumbani mpaka zikaisha. Kisha akamwuliza kipande cha pili kiko wapi.

Dawudi alicheka. Akasema huenda mashine ilikuja na kimoja. Aliposikia kuhusu mapacha, akasema kumbe anakumbuka sasa, kimoja kilikuwa kibovu akakitoa. Husnah alikuwa akimtazama mikono. Mikono ile ile iliyowahi kumwekea vidole sawasawa kwenye kibodi sasa ilikuwa inazungusha bisibisi bila kazi.

"Kama kilikuwa kibovu, kwa nini hukutuambia?" Husnah aliuliza. "Na kwa nini uliniambia ni Anena? Ulijua. Nilipokupigia simu, ulijua tayari."

Bisibisi ilisimama.

Ukweli ulitoka vipande vipande. Kulikuwa na mteja, mzee mmoja mstaafu, aliyeleta mashine yake isafishwe. Dawudi, kwa haraka, alirudisha kipande cha kumbukumbu kabla ya kuchomoa umeme, kikaungua. Mzee alikuwa anakuja saa ile ile. Mashine ya shangazi ilikuwa juu ya meza, wazi. Alichomoa kimoja, akampa mzee, akajiambia atakirudisha kabla ya wiki kuisha, kwani shangazi ni wa nyumbani, hakuna haja ya kumsumbua kwa maneno. Wiki ikaisha. Husnah alipopiga simu, aliona aibu kusema, na jina la Anena lilikuwa karibu.

"Nilijua mtaamini," alisema akitazama chini. "Mtoto wa kambini, nani angebisha?"

Hilo lilimuuma Husnah kuliko kipande chenyewe. Kwa maana lilikuwa kweli. Dawudi alimdanganya, naye Husnah aliupokea uongo kwa mikono miwili, kama chai. Alitamani kumchukia kabisa, na hakuweza, kwa sababu kila alipomtazama alijiona na yeye.

Dawudi aliinuka, akafungua mashine yake mwenyewe, ile aliyokuwa akifanyia kazi, akachomoa kipande cha aina ile ile, akakifunga kwenye karatasi na kumnyooshea Husnah akakichomeke. Jamilah aliurudisha mkono wa Dawudi pale pale kwa upole.

"La, baba. Ulikitoa kwa mikono yako, utakirudisha kwa mikono yako. Kesho alasiri. Na Anena atakuwepo, akikubali kuja."

Kumwita Anena ilikuwa kazi ya Husnah. Alhamisi shuleni Anena alimkwepa siku nzima, kwa hiyo kengele ya mwisho ilipolia Husnah alipanda mpaka kambini. Askari wa lango walimfahamu, wakamruhusu. Alimkuta Anena akianika nguo nyuma ya nyumba, mdogo wake akicheza na vibanio vya nguo.

Husnah alikuwa amepanga maneno mengi njiani. Alipofika yalikuwa machache. Alimwambia kwamba kipande cha mashine kilichomolewa na kaka Dawudi, kwamba mchezo haukuwa na kosa lolote, kwamba alimlaumu bure mbele ya watu na akanyamaza walipomtukana.

Anena aliendelea kuanika. "Nilijua si mchezo. Nilikuambia."

"Kuna lingine. Nilifuta folda yako."

Mikono ya Anena ilibaki juu ya kamba. "Za baba?"

"Zote saba. Nilijua ni nini, nikafuta."

Mtoto aliangusha vibanio, akavifuata chini ya karo.

"Ile ya kwanza niliiandika siku aliyoondoka," Anena alisema hatimaye. "Nilimweleza vile nyumba ilivyokuwa jioni ile. Siwezi kuiandika tena, Husnah. Nimeshasahau ilivyokuwa." Alifuta uso kwa bega, kwa sababu mikono ilikuwa na maji. "Nitakuja. Haboba alinionyesha nakshi yake ya harusi, hajawahi kumwonyesha mtu wa nje. Nakuja kwa ajili yake. Kwa ajili yako, bado."

Husnah aliitikia kwa kichwa. Aliona ni haki.

Dawudi alikuwa ameshafika walipoteremka. Hakuwa na utani siku hiyo. Alisimama mbele ya Anena, msichana wa miaka kumi na mitatu, akamwomba radhi kama anavyoombwa mtu mzima, akataja kosa lake lote bila kulipunguza. Kisha akapiga magoti mbele ya sanduku. Alichomoa umeme kwanza, akawaonyesha kwamba ameuchomoa. Akalinganisha pengo dogo la kipande na nundu iliyo kwenye mfereji, akakisukuma chini kwa vidole gumba viwili mpaka vibanio vikajifunga vyenyewe, tik, huku na huku.

Mashine ikaamka. Gigabaiti nne.

Husnah alinyoosha mkono kufungua mchoro, lakini Dawudi akamzuia. Alisema kitu kilichofutwa hakiondoki mara moja kwenye diski, kinabaki mahali pake mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kama hakuna aliyehifadhi chochote tangu Jumanne, kuna matumaini. Akachomeka flashi yenye programu ya kutafutia, akakaa. Haboba alileta chai, akaiweka mbali na mashine. Ilikaribia saa nzima. Moja baada ya nyingine barua zikaanza kutokea, hazina majina, namba tupu, na Anena akazitambua kwa mstari wa mwanzo.

Zilirudi tano nzima. Ya pili ilikuwa imekatika katikati. Ya kwanza haikuonekana, hata alipotafuta tena kutoka mwanzo.

Anena alisema asante. Alizihamishia kwenye flashi yake mwenyewe, akaitia mfukoni. Kisha akavuta tabaga ya harusi mapajani, akaanza kuhesabu: nyekundu kumi na mbili, nyeusi nne, manjano moja. Husnah alibonyeza programu, ikafunguka bila kusita, naye akaanza kuchora. Hawakuzungumza zaidi ya rangi na namba. Kabla ya jua kuzama nakshi ilikuwa imekamilika, na Haboba aliinama akaitazama skrini kwa muda, akasema kidole chake ndivyo kinavyopita.

Ijumaa kazi ilikuwa mezani kwa Mwalimu Obwona, imechapishwa kurasa tisa, kengele ya chakula haijalia. Husnah hakuondoka. Alimwomba mwalimu dakika moja, akasimama mbele ya darasa. Mama yake alikuwa amemwambia kwamba aliyemchafua mtu mbele ya watu hawezi kumsafisha faraghani. Alisema aliyoyasema bombani hayakuwa kweli. Alisema hata lile neno la watoto wa kambini, ambalo hakulitamka, ni lake pia, kwa sababu alilisikia akaliacha lipite. Msichana aliyelitamka aliangalia dawati lake. Mwalimu Obwona alimwambia akae.

Jumamosi walisimama wote wawili mbele ya ubao wao. Anena alieleza kuhesabu, Husnah akaeleza kuchora, na mama mmoja kutoka shule nyingine aliomba nakala akamfundishe binti yake. Hawakushika nafasi ya kwanza. Walishika ya tatu, na Haboba akasema tatu ni namba njema.

Walipokuwa wanarudi nyumbani, Anena alitangulia na kaka yake, wakibeba ubao wa maonyesho. Jamilah alitembea nyuma pamoja na Husnah, mkono wake begani mwa binti yake.

"Mama," Husnah aliuliza, "Anena ataniamini tena lini?"

"Hilo hata yeye halijui," Jamilah alisema. "Imani ya mtu haiwashwi kwa kitufe, mwanangu. Wewe fanya yaliyo sawa leo, na kesho, na siku ambayo hakuna anayekutazama. Siku akikuamini hatakutangazia." Alitembea hatua chache. "Na mimi nina langu la kujifunza, si wewe peke yako. Tulimpokea Dawudi bila kutazama kwa sababu ni wetu. Tukamshuku Anena bila kutazama kwa sababu si wetu. Ni kosa moja hilo, Husnah, limevaa nguo mbili. Mashine ilipoharibika tuliipima hatua kwa hatua mpaka tukaona mahali palipo tupu. Binadamu hastahili pungufu ya hapo. Muulize, msikilize, utazame, ndipo useme. Na ukikuta aliyekosa ni ndugu yako, mwambie. Ukikuta ni wewe, sema mapema zaidi."

Husnah aliyaweka maneno yale kichwani kama mtu anavyopanga vitu vya safari.

Mbele yao, kaka yake Anena alikuwa amewakuta rafiki zake, akaacha upande wake wa ule ubao wa maonyesho na kuwakimbilia. Anena alisimama njiani, ubao umemwinamia, akageuka nyuma.

"Husnah," aliita, "unatembea kama bi harusi. Njoo ushike huku."

Husnah alikimbia akashika.